Namba Juu ya Kifungo

Msimu wa vuli wa mwaka 2001, matingatinga yalikuwa yakisawazisha kiwanja cha kambi ya zamani ya jeshi la Kisovieti mjini Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, ili pajengwe nyumba za kukaa watu. Meno ya mashine yakazua mifupa. Halikuwa fuvu moja wala mawili. Ilikuwa tabaka juu ya tabaka, watu wamelaliana kama samaki waliopangwa tengani, vichwa huku na miguu kule. Mji huo una kumbukumbu nyingi za mauaji, na wenyeji waliitazama mifupa ile kwa macho ya misiba waliyoirithi: huyu alidhani ni Mayahudi waliouliwa na Wanazi, yule akadhani ni watu waliopotelea mikononi mwa polisi wa siri wa Kisovieti. Jibu halikutoka katika mifupa. Lilitoka katika visahani vidogo vya metali, vipana kama ukucha wa kidole gumba, vilivyokuwa vimelala baina ya mbavu. Vilikuwa vifungo vya makoti, na juu yake pamepigwa namba. Pamoja navyo zilipatikana sarafu za faranga 20 zenye kichwa cha Napoleon.

Napoleon aliingia Vilnius tarehe 28 Juni 1812 akielekea Moscow, na katika jeshi lake mlikuwa na mamia ya maelfu ya watu: Wafaransa, Wapolandi, Wataliana, Wajerumani wa dola mbalimbali. Desemba ya mwaka huohuo waliosalia walirejea katika mji uleule wakikokota miguu iliyobabuka kwa baridi. Walikufa kwa maelfu katika muda wa siku chache, kwa baridi, kwa njaa na kwa maradhi. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili, na hapa methali haihitaji kufumbuliwa. Mwaka 2006 wanasayansi walieleza kwamba katika udongo wa kaburi lile mlikuwamo mabaki ya chawa, na ndani ya meno ya wafu mlikuwamo athari za homa ya mahandaki na homa ya chawa. Uchunguzi mwingine wa meno ya askari 13, uliochapishwa mwaka 2025, ulikuta vijidudu vya aina nyingine, vya homa ya matumbo na vya homa ya kujirudia, na hii ya pili nayo huletwa na chawa. Koti moja, basi, lilibeba vitu viwili: mdudu aliyemwua mwenye koti, na kifungo kilichomtambulisha miaka 189 baadaye.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Vilnius na wenzao kutoka Ufaransa walihesabu zaidi ya watu 3,000 katika kaburi hilo, na kwa kusoma vifungo walizitambua rejimenti zipatazo 40. Kifungo hakikutaja jina la mtu, wala kijiji chake, wala mama aliyemngoja. Kilitaja namba tu. Lakini namba ile ilitosha kuwaondoa watu wale katika msiba usiokuwa wao na kuwarudisha katika msiba wao, na mwaka 2003 wakazikwa kwa heshima katika makaburi ya Antakalnis ya mji huohuo.

Ipo hekaya ipendwayo sana na waandishi wa sayansi, isemayo kwamba jeshi la Napoleon lilishindwa kwa sababu vifungo vyake vilikuwa vya bati, na bati likipata baridi kali hugeuka unga. Ni kweli kwamba bati safi, likikaa chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi, huweza kugeuka polepole na kuwa vumbi la kijivu. Lakini vifungo vya Vilnius havikuiunga mkono hekaya hiyo. Vilitoka ardhini na namba zake zikisomeka.

Mpenzi wa lugha hawezi kulipita jambo hili bila kusita penye maneno yenyewe. Kwa Kiswahili kifungo ndicho kifungacho koti, na kifungo ndicho apewacho mfungwa na hakimu. Risasi ni metali nzito ya kijivu, na risasi ni kile kinachotoka katika mtutu. Fedha ni madini meupe ya kufulia bangili na mikufu, na fedha ni kile anachokosa mwenye deni. Mtu apitaye shambani na mashine ya kugundulia metali hukutana na vitu hivyo vitatu takriban kila siku, na kila mara kazi yake ni ileile ya msomaji wa shairi lenye fumbo: neno analo, na maana bado anaitafuta.

Desturi ya kuandika namba juu ya vifungo vya askari si ya kale sana. Ufaransa iliiamuru mwaka 1762, na Uingereza ikafuata mwaka 1767. Kabla ya mwaka 1751 rejimenti ya Kiingereza iliitwa kwa jina la kanali wake, kama vile shamba liitwavyo kwa jina la mwenye shamba, na kanali ndiye aliyewanunulia askari nguo na kujipatia faida humo. Zilipokuja namba, jina la bwana likaondoka. Namba ikapanda kifuani mwa askari na kurudiwa mara kumi au zaidi juu ya koti lake, kama chapa juu ya ngozi ya ng'ombe. Yule aliyebuni hakuwa akiwafikiria wanahistoria hata kidogo. Alitaka jeshi lake lihesabike.

Kifungo cha namna hiyo kinapotoka ardhini, huwa hakisemi kitu mara moja. Hufunikwa na kutu ya kijani ikiwa ni cha shaba, au ganda la kijivu ikiwa ni cha bati lililochanganywa na risasi. Mwenye pupa hukisugua kwa kidole papo hapo shambani, na kwa kusugua huko hufuta mchovyo wa dhahabu ambao ungalimwambia kwamba koti lilikuwa la afisa. Maafisa wa Kiingereza walivaa vifungo vya kuchovya, vya dhahabu au vya fedha kwa kufuata rangi ya rejimenti. Askari wa kawaida walivaa vya bati hadi mwaka 1855, vilipoingia vya shaba ya manjano. Mwaka 1871 namba ziliondolewa katika vifungo vya askari wa kawaida na kuwekwa nembo ya ufalme kwa wote, na mwaka 1881 namba za rejimenti za miguu zikafutwa, mahali pake yakaja majina ya majimbo. Kwa hiyo kifungo cha shaba cha askari wa kawaida wa miguu chenye namba hukaa baina ya mwaka 1855 na 1871, na anayejua hayo amekwisha kupata umri wa kitu kabla ya kufungua kitabu.

Taji nalo lina lugha yake. Taji la enzi ya Malkia Victoria lina mabega yaliyobonyea katikati. La wafalme waliomfuata kuanzia 1901 limeinuka kwa duara. Aliposhika ufalme Elizabeth wa Pili, taji likabonyea tena. Nyuma ya kifungo, kando ya kitanzi cha kushonea, aghalabu mna jina la mtengenezaji na mtaa wake: Firmin wa London, Gaunt wa Birmingham, Scovill wa Waterbury kule Marekani. Mafundi walihama mitaa, wakashirikiana na kutengana, na kila walipobadili anwani maandishi ya nyuma yalibadilika. Vifungo vya Marekani vya wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vina tai mwenye ngao kifuani; na ndani ya ngao ya afisa huwamo herufi, I kwa askari wa miguu, C kwa wapanda farasi, A kwa wapiga mizinga. Herufi hiyo ni ndogo kuliko punje ya mtama, na juu yake husimama bei yote ya kitu sokoni.

Hata hivyo kifungo huweza kusema kweli na bado msikilizaji akadanganyika. Kifungo cha rejimenti kilichookotwa katikati ya shamba la Kiingereza hakithibitishi kwamba askari alianguka hapo. Makoti ya jeshi yaliyochakaa yaliuzwa mitumba, mkulima akavaa na kulimia. Na matambara ya sufu yasiyofaa tena kuvaliwa yalisambazwa mashambani kuwa mbolea, hasa kwenye mashamba ya Kent, vifungo vikiwa bado vimeshikilia nyuzi zake. Wangapi wamesimama juu ya mbolea wakidhani wamesimama juu ya uwanja wa vita!

Mashine yenyewe ilizaliwa katika msiba. Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi tarehe 2 Julai 1881, na Alexander Graham Bell, yule mvumbuzi wa simu, alileta ala yake ya umeme kuisaka risasi mwilini mwa mgonjwa. Alishindwa. Inasemekana vyuma vya kitanda viliichanganya ala, na daktari alimruhusu kupima ubavu mmoja tu, ambao risasi haikuwamo. Rais alifariki Septemba ya mwaka huo. Katika miaka ya 1930 Gerhard Fischer, Mjerumani aliyehamia Marekani, alipata hataza ya mashine ya kubebeka; na katika Vita Vikuu vya Pili mhandisi wa Kipolandi, Józef Kosacki, akiwa uhamishoni Scotland, alitengeneza ile ya kutafutia mabomu ya ardhini iliyotumika El Alamein mwaka 1942. Mabaki ya mashine za jeshi ndiyo yaliyoingia mikononi mwa raia vita vilipokwisha. Mpangilio wake kwa maneno machache ni huu: koili iliyo chini ya fimbo hupeleka uga wa sumaku ardhini, metali iliyomo hujibu kwa mkondo wake mdogo wa umeme, na jibu hilo hugeuzwa sauti masikioni mwa mtafutaji. Chuma hukoroma. Risasi na shaba ya manjano husikika katikati. Fedha hulia juu, wazi, kama kengele ya baiskeli. Kwa bahati mbaya baadhi ya vifuniko vya makopo ya soda hulia karibu na vifungo, na hakuna mtafutaji asiyekuwa na mfuko uliojaa vifuniko. Pwani kuna tabu nyingine: mchanga uliolowa maji ya chumvi nao hupitisha umeme, na mashine ya bei nafuu hupiga kelele kuanzia maji kupwa hadi maji kujaa bila ya kuwapo kitu.

Fedha ya pwani yetu ina hadithi inayostahili kusimuliwa polepole. Sarafu iliyotawala masoko ya Unguja na Pemba kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, ile iliyoitwa reale, ilikuwa na sura ya mwanamke mnene wa Kizungu, Malkia Maria Theresa wa Austria. Ina uzito wa gramu 28 na kitu, na katika kila sehemu sita za metali yake tano ni fedha. Mwaka ulioandikwa juu yake ni 1780. Malkia huyo alifariki Novemba ya mwaka huo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani hii walikuwa wamekwisha kuizoea sura yake na hawakutaka nyingine. Basi sarafu ikaendelea kufuliwa Vienna, Venice, Milan, baadaye London, Roma na Bombay, na daima kwa mwaka uleule wa 1780. Mwenye kuipata leo na kuusoma mwaka wake amesoma mwaka wa mauti ya malkia tu. Ili kujua ilifuliwa wapi na lini hana budi kuzitazama lulu za pini iliyo begani, manyoya ya mkia wa tai, na maandishi ya pembezoni. Wazee wa soko nao walizitazama lulu hizo kabla ya kupokea, na sarafu iliyosagika lulu zake waliikataa. Sultani Barghash alijaribu kuleta reale yake mwenyewe ya fedha yenye mwaka wa Hijra 1299, lakini iliyoenea zaidi ni pesa yake ya shaba yenye mizani.

Na kabla ya Maria Theresa kwa miaka mia saba, Pemba ilikuwa na fedha yake. Mwaka 1984, katika uchimbaji wa kitaalamu Mtambwe Mkuu, zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo na nyepesi, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali, zilizofukiwa mwishoni mwa karne ya 11. Juu yake yamo majina ya watawala wa hapa, na wasomaji wa ushairi watafurahi kujua kwamba maandishi ya upande mmoja yana kina kimoja na ya upande wa pili: jina la mtawala huku, na tegemeo lake kwa Mola kule, vikaitana kama mishororo miwili ya ubeti. Ubeti huo umo katika kitu kidogo kuliko ukucha. Laiti sarafu zile zingaliokotwa moja moja na watu wa mashine, zikauzwa moja moja, ingalijulikana kwamba kina kipo. Isingalijulikana kamwe kwamba zilikuwa akiba moja, iliyowekwa pamoja, katika zama moja, ndani ya mji mmoja.

Hapo ndipo penye ugomvi mkubwa baina ya wachimbaji wa kitaalamu na watafutaji wa kujifurahisha, na si ugomvi wa wivu. Mahali kitu kilipolala ni nusu ya maana yake. Agosti 1983 moto uliunguza majani ya uwanja wa Little Bighorn, kule Montana, ambapo tarehe 25 Juni 1876 Walakota na Wacheyenne walimwangamiza Custer na kikosi chake. Mwaka uliofuata Douglas Scott na wenzake waliwaita watafutaji wa mashine, wakawapanga mstari, na kila sauti iliposikika walisimika kijibendera bila ya kufukua. Kisha kila kitu kikapimwa mahali pake kabla ya kuinuliwa. Kwa alama ambazo pini ya bunduki huacha kwenye ganda la risasi, waliweza kuifuata bunduki moja ikitembea kutoka kilima hadi kilima. Masimulizi ya wazee wa Kihindi Wekundu, yaliyopuuzwa kwa miaka mia, yakapata shahidi. Watu walikuwa walewale na mashine zilezile. Kilichoongezeka ni uzi wa kupimia na subira. Uingereza ilitunga sheria ya hazina mwaka 1996 na kuwashawishi watafutaji waripoti wanachopata. Kwetu mlango ni mwembamba zaidi: Tanzania Bara ina sheria ya mambo ya kale ya 1964, Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, na asiye na kibali hana ruhusa ya kuchimba.

Vifungo vya kivita vimo katika ardhi ya Afrika Mashariki pia. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Tanga askari kutoka India pamoja na rejimenti ya Loyal North Lancashire, wakashindwa na kurudi majini. Huko Taita na Taveta, ambako Wajerumani waliingia Agosti 1914, vilima vimetapakaa maganda ya risasi, makopo ya nyama na vifungo hadi leo. Kwenye kilima cha Salaita, tarehe 12 Februari 1916, Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini waliopanda kwa majivuno walirudishwa chini, na waliowakinga katika kurudi kwao ni Wabaluchi wa jeshi la India. Kila mmoja wa hao alikuwa na koti, na kila koti lilikuwa na vifungo. Tabora, Wajerumani walipokwisha kukatiwa njia ya bahari, magamba ya shaba ya mizinga yaliyeyushwa mwaka 1916 na kufuliwa sarafu za heller 20 katika karakana ya reli. Metali ya vita ikawa pesa ya sokoni.

Lakini jeshi kubwa kuliko yote katika vita vile halikuwa na vifungo. Wapagazi, wale wa Carrier Corps walioachia jina lao Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walipewa blanketi, na mzigo wa ratili 50 na zaidi. Walitolewa vijijini kwa mamia ya maelfu, kwa hiari wachache na kwa nguvu wengi, na waliokufa upande wa Waingereza pekee hukadiriwa kuwa si chini ya 95,000, wengi kwa kuhara na kwa homa. Mnamo Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali kwa maandishi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hata kaburi la Vilnius lina wenzao: miongoni mwa mifupa ile wamo wanawake kadhaa waliofuata jeshi, na hao walijulikana kwa umbo la nyonga, kwani kifungo cha rejimenti hawakuwa nacho.

Vita vilipokwisha, wanaume Waafrika wa Kenya walipewa metali ya kuvaa. Ilikuwa ni kijaluba cha kuning'inia shingoni, na ndani yake karatasi ya kipande yenye jina, alama za vidole na jina la mwajiri. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, na ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Baadhi yao walikuwa wametoka katika upagazi.

Mtafutaji wa kisasa huwa na kitufe kwenye mashine yake cha kuinyamazisha isijibu chuma, maana chuma ni kingi na hakina bei. Hukibonyeza asubuhi kabla ya kuanza kazi. Akipita kwenye njia ya zamani kutoka Voi kwenda Taveta, pale wapagazi walipokuwa wakilala, koili yake hupita juu ya sufuria ya chuma iliyoliwa na kutu, na juu ya msumari, na juu ya kisu kisichokuwa na mpini. Masikioni mwake hamna kitu. Husogeza hatua kuelekea Salaita, akingoja sauti ya shaba.